Ndiyo Mbili za Wiki Moja

Jumamosi ya tarehe 31 Julai 2010 sisi Wazanzibari tulipiga kura ya maoni, na Jumatano iliyofuata, tarehe 4 Agosti, Wakenya wakapiga yao. Siku nne tu zilizitenga kura hizo, na bahari iliyo kati yetu ni ile ambayo jahazi likitoka Wete na kusi nzuri, nahodha wake huuona mwambao wa Kenya kabla jua halijachwa. Kwetu, walioikubali hoja walikuwa asilimia 66.4 ya kura halali. Kwao, walioikubali walizidi theluthi mbili. Mtu akiziangalia takwimu peke yake atasema kura hizi ni pacha waliozaliwa wiki moja. Nataka kueleza kwa nini hazikuwa pacha, na kwa nini naamini kwamba magazeti ya eneo letu, niliyoyasoma wiki ile kwa hamu kubwa, hayakutusaidia kuliona hilo.

Wakati ule nilikuwa nikisomesha uraia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, na jioni nilikuwa na kazi nyengine ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya, nayo ni kuwasomea gazeti watu wa nyumbani. Ulikuwa msimu wa karafuu. Karafuu iliyochumwa mchana hufika nyumbani ingali imeshikana na makonyo yake, na kuchambua hufanywa usiku, watu wamelizunguka jamvi, vidole vikitenga karafuu upande huu na makonyo upande ule kwa kupapasa tu, bila ya haja ya kuangalia. Mikono ina kazi, lakini masikio yako huru. Mama yangu, dada zangu, majirani wawili watatu, na mzee mmoja wa nyumba ya pili ambaye ujanani mwake alikuwa baharia wa majahazi ya Mombasa, hao ndio waliokuwa wasikilizaji wangu, na sijapata kuwasomea watu wagumu kuliko wao.

Gazeti hufika Pemba likiwa limeshachoka. Huchapwa Dar es Salaam, likavuka hadi Unguja, na huko likangoja chombo cha kuja kwetu. Linapofika mikononi mwetu tarehe yake imeshapita siku moja au mbili. Matokeo ya Kenya tulikuwa tumeshayasikia redioni, BBC na Deutsche Welle, na kwa kuwa mwaka ule ndio umeme wa Tanga ulipotufikia kwa waya wa chini ya bahari, wenye televisheni walikuwa wameshayaona pia. Kwa hivyo hatukulisubiri gazeti kwa ajili ya habari. Tulilisubiri kwa ajili ya maoni, yaani kwa ajili ya mtu aliyekaa, akafikiri, kisha akatuambia jambo lile lina maana gani. Wanaopata habari na maoni kwa pamoja pengine hawaioni sana tofauti hii, lakini kwetu kisiwani mhariri na mwandishi wa safu wana uzito wao wa pekee, kwa sababu wao hufika habari ikiwa imeshapoa, na neno lao ndilo linalobaki vichwani.

Usiku huo nilisoma tahariri moja na safu mbili juu ya Kenya. Zote zilikuwa za furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya haki. Miaka miwili na nusu nyuma, baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa Kenya na mamia ya maelfu wakafukuzwa majumbani mwao. Sasa watu walewale walikuwa wamepanga foleni, wakapiga kura, wakarudi makwao salama. Waandishi waliwapongeza Wakenya, wakawataka Watanzania waige, wakamaliza. Mzee baharia aliacha kuchambua, akaniuliza, "Maalim, hebu tuambie. Hiyo karatasi ya Wakenya iliwauliza nini?"

Nilirudi kwenye ukurasa, nikatafuta. Rangi zilikuwemo: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana. Majina ya wakubwa yalikuwemo: Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga upande wa kijani, William Ruto na Rais mstaafu Daniel arap Moi upande wa nyekundu, pamoja na viongozi wa makanisa. Asilimia zilikuwemo. Swali halikuwemo, wala halikuwemo neno hata moja juu yetu sisi tuliokuwa na wino kidoleni tangu Jumamosi.

Nianze na swali letu, maana ndilo jepesi kulieleza. Tuliulizwa kama tunaukubali mfumo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya uchaguzi wa Oktoba mwaka ule, mfumo ambao rais anatoka chama kilichoshinda na Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichofuatia. Nyuma ya swali hilo ilikuwepo tarehe 5 Novemba 2009, siku ambayo Rais Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, walikutana Ikulu na kuanzisha yale tuliyoyaita Maridhiano. Na nyuma ya hapo ilikuwepo Januari 2001, ambayo Mpemba hahitaji kukumbushwa. Tarehe 27 ya mwezi ule waandamanaji waliopinga matokeo ya uchaguzi wa 2000 walipigwa risasi, watu wakafa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, upande wa Kenya. Binamu yangu alikuwa miongoni mwao. Aliondoka usiku kwa mashua ya uvuvi, na shangazi yetu aliyeolewa Mombasa ndiye aliyekwenda kumtafuta huko Shimoni, akamkuta amekaa chini ya mti, mbele yake ndoo ya maji aliyopewa na wenyeji, hajaigusa. Mpemba aliyesema Ndiyo tarehe 31 Julai alikuwa akilijibu jambo analolijua kwa sura na kwa jina. Kura 188,705 zilisema Ndiyo na 95,613 zikasema Hapana, na Pemba iliitika kwa wingi kuliko Unguja.

Swali la Kenya lilikuwa fupi kwa maneno, refu kwa yaliyomo. Wakenya waliulizwa kama wanaikubali katiba mpya iliyopendekezwa, na katiba hiyo ilikuwa kitabu kizima cha sura 18 na ibara 264. Mlikuwa na kaunti 47 zenye magavana na mabunge yake, mlikuwa na Seneti, mlikuwa na sura nzima juu ya uadilifu wa viongozi, mlikuwa na haki za raia zilizoandikwa kwa urefu ambao katiba zetu hazijaufikia, na Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha ya taifa na ya lugha rasmi kwa pamoja. Na mlikuwa na jambo jengine nililoligundua baada ya kupata nakala yake, ambalo katika maoni yote niliyoyasoma wiki ile sikuona mtu aliyelishika: katiba ile ilikiondoa cheo cha waziri mkuu.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Serikali ya mseto ya Kenya ilizaliwa na mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 yaliyosimamiwa na Kofi Annan. Kibaki akabaki rais, Odinga akawa waziri mkuu. Mapatano hayo yalitiwa katika sheria na Bunge bila ya wananchi kuulizwa, kwa sababu nyumba ilikuwa inaungua na hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Walipoulizwa mwaka 2010, walichagua rais mmoja mwenye mamlaka ya utendaji, anayebanwa na Bunge, Seneti, kaunti na mahakama, na ule utaratibu wa mahasimu wawili kugawana serikali ukawekewa mwisho wake. Sisi, wiki ileile, tulikuwa tunaupa utaratibu huo mwanzo. Baraza la Wawakilishi likapitisha mabadiliko ya 10 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 mwezi wa Agosti, na ushirikiano serikalini ukawa amri ya Katiba, ukatoka katika hisani ya mshindi. Ndiyo ya Wakenya iliwatoa kwenye mseto, na Ndiyo yetu ikatuingiza.

Mwandishi ambaye angeziweka karatasi hizo mbili juu ya meza moja angekuwa na makala ya kumkosesha msomaji usingizi. Kwa nini jamii mbili zilizojeruhiwa na jambo lilelile, yaani uchaguzi, zilichagua dawa zinazopingana? Mimi jibu langu ni hesabu ya watu. Kenya haina kabila wala chama kinachofikia nusu ya wapiga kura peke yake. Anayetaka urais lazima aungane na wengine kabla ya siku ya kura, na katiba ile imelikazia hilo kwa kumtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Muungano wao hujengwa kabla ya uchaguzi. Zanzibar ni kambi mbili zinazokaribiana kwa unene wa uzi: Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1. Penye hesabu ya namna hiyo, mshindi akichukua vyote, karibu nusu ya watu hubaki bila ya serikali, na hakuna kundi la tatu la kwenda kuungana nalo. Kwetu muungano hauna pa kujengwa isipokuwa baada ya kura. Unaweza kuipinga hoja hii, na nimepingwa nayo mara nyingi barazani, lakini huwezi hata kuianza ikiwa unachokiona ni Ndiyo na Ndiyo.

Badala yake tulipewa methali. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji": sijui ni mara ngapi niliisoma katika kurasa za maoni tangu Januari 2008, mwanzo kama onyo Kenya ilipokuwa inaungua, kisha 2010 kama sifa Kenya ilipotulia. Ni methali ya kweli na nimeirithi kwa wazee wangu. Tatizo ni kwamba haimtaki mtu aulize mwenziwe ananyolewa kwa nini, kama ametoka kuhiji, ana maradhi ya kichwa, au amehukumiwa. Mtu anatia maji tu, akingoja wembe. Mwaka 2005 ilikuwa vivyo hivyo. Tarehe 21 Novemba mwaka ule Wakenya waliikataa rasimu nyengine ya katiba, na kwa kuwa alama ya Ndiyo ilikuwa ndizi na ya Hapana ilikuwa chungwa, eneo zima likahadithiwa kisa cha matunda mawili. Wanafunzi wangu waliweza kunitajia matunda hayo na viongozi waliosimama nyuma ya kila moja, na hakuna aliyeweza kunitajia ibara moja iliyogombaniwa.

Miongoni mwa ibara zilizogombaniwa zaidi mwaka 2010 ilikuwemo ya mahakama za Kadhi, na hili linatuhusu sisi Wazanzibari kuliko watu wengi wanavyofahamu. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya inaziweka mahakama hizo na kuzipa mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Makanisa yaliipinga kwa hoja kwamba dola isiyo na dini haipaswi kuitambua mahakama ya dini moja ndani ya katiba. Mwezi Mei mwaka uleule majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walikuwa wameamua kwamba kuwepo kwa mahakama hizo ndani ya katiba ya zamani kulikwenda kinyume na katiba yenyewe. Hoja ya makanisa ilistahili kusikilizwa, na sitaki kuidharau. Lakini katika safu nilizozisoma, jambo hili lilielezwa kama kitu kipya ambacho Waislamu wa Kenya walikuwa wanakiomba, na mzee baharia, aliyekuwa hajasoma safu yoyote maishani mwake, alitikisa kichwa. "Hiyo ni ahadi," alisema. "Mimi bendera nyekundu nimeiona kwa macho yangu Fort Jesus. Ahadi ile twaijua."

Alikuwa anasema kweli. Mwaka 1895 Waingereza walianza kuutawala ukanda wa maili 10 wa mwambao wa Kenya kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar, wakimlipa kodi kila mwaka na bendera yake nyekundu ikibaki juu ya Fort Jesus, ngome ya Mombasa, na ndiyo maana Mombasa haikuwa koloni kwa maana ileile ambayo Nairobi ilikuwa koloni. Uhuru ulipokaribia, ukanda huo ulibidi uingizwe Kenya. Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua, na Kenya ikaahidi kuilinda dini ya watu wa mwambao, kuzibakisha mahakama za Kadhi na kuzitambua hati za ardhi. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, Kenya tarehe 12, na tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Zanzibar iliyopewa ahadi ile ikapinduliwa. Aliyeahidiwa aliondoka na ahadi ikabaki, imekaa ndani ya katiba ya nchi nyengine, ikilindwa na kulalamikiwa na watu ambao wengi wao hawakujua kwamba barua moja ilitoka Unguja. Mnamo 2010 Wakenya walikuwa wanaipigia kura, pamoja na mambo mengine mengi, barua hiyo. Ungetegemea kwamba gazeti la upande huu wa bahari ndilo lingewakumbusha.

Shangazi yangu, yuleyule aliyekwenda Shimoni, anakaa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mirathi yake ilikuwa mbele ya Kadhi. Sheria ya Kiislamu humpa mjane mwenye watoto thumni, sehemu moja katika nane, na katika familia yenye wake wawili na watoto wa rika mbalimbali, thumni hiyo, ambayo wajane wawili hugawana, ndiyo inayoamua kama mtu atalala chini ya dari lake au la watoto wa mwenziwe. Alinipigia simu mkesha wa kura. Aliniambia, "Mwanangu, huku kila mtu asema nchi, nchi. Mimi nina nyumba ya vyumba sita na watu kumi na mmoja. Kadhi akiondolewa, kesi yangu yaenda wapi?" Alikuwa amesikia mengine pia, habari za ardhi na za kaunti, na za ardhi zilimgusa, kwa kuwa mwambao mzima una kilio cha hati. Lakini alipotia alama penye kijani, alikuwa amefungua kitabu kile cha ibara 264 kwenye ukurasa mmoja. Watu wengi hupiga kura hivyo, na sioni aibu ndani yake. Aibu naiona kwa sisi wenye kalamu tunaoikusanya milango hiyo yote tofauti ambayo watu waliingilia, tukaiita kwa jina moja, "ukomavu wa demokrasia", kisha tukaondoka.

Nadhani sababu ya upofu huu ni kwamba kila mwandishi alikuwa anaiangalia Kenya huku macho yake yako kwake. Dar es Salaam, suala la Mahakama ya Kadhi kwa Tanzania Bara lilikuwa moto, ilani ya CCM ya 2005 ilikuwa imeligusa, na kwa hivyo aliyeandika juu ya Kadhi wa Mombasa alikuwa, kwa kweli, anaandika juu ya Kadhi wa Kariakoo. Uganda katiba yao ya 1995, ibara ya 129, inazitaja mahakama za Kadhi ambazo Bunge linaweza kuziunda. Nao Waganda walikuwa wameshaonja kura ya namna yao tarehe 28 Julai 2005, walipoulizwa kama wanataka kurudisha vyama vingi, wakasema Ndiyo kwa zaidi ya asilimia 90, huku jambo zito zaidi la mwaka ule, kuondolewa kwa ukomo wa vipindi vya urais, likipitishwa bungeni bila ya wao kuulizwa. Huo nao ni mfano wa kwa nini swali lililo kwenye karatasi lina thamani: wakati mwengine habari iko katika lile lisiloulizwa.

Kuna jambo la umiliki pia, ambalo nalitaja bila ya lawama. The EastAfrican na Daily Nation za Nairobi, The Citizen na Mwananchi za Dar es Salaam, na Daily Monitor la Kampala zimo katika kundi moja la makampuni ya habari. Msomaji wa Wete anayeyakusanya maoni ya nchi tatu akidhani anasikia nchi tatu zinajadiliana, anafaa kulijua hilo. Na sisi wenyewe tulikuwa na nini? Zanzibar Leo, gazeti la Serikali. Dira, lililokuwa gazeti binafsi la Wazanzibari na lililosomwa hadi likachanika kwenye mikunjo, lilifungiwa mwaka 2003. Sauti yetu juu ya kura ya jirani, na hata juu ya kura yetu wenyewe, ilikuwa ya barazani, Jaws Corner kule mjini na kwenye majamvi ya karafuu huku, na sauti ya barazani haivuki bahari.

Nimeyaona haya yakijirudia kwa uchungu zaidi na Comoro. Tarehe 30 Julai 2018 Wakomoro walipiga kura ya kubadilisha katiba yao. Zanzibar imejaa watu wenye asili ya Ngazija. Wamekuwa masheikh wetu, washoni wetu, wakwe zetu. Katiba yao iliyotokana na kura ya 2001 iliweka utaratibu wa urais kuzunguka baina ya visiwa vitatu, Ngazija, Nzuani na Mwali, ili hakuna kisiwa kitakachojiona kimemezwa, na zamu iliyokuwa inakuja, mwaka 2021, ilikuwa ya Nzuani. Kura ya 2018 ilimruhusu Rais Azali Assoumani, mtu wa Ngazija, kugombea tena. Wapinzani waliisusia, matokeo yakatangazwa kuwa zaidi ya asilimia 90 Ndiyo, na Oktoba mwaka huo watu wa Mutsamudu, Nzuani, wakaweka vizuizi barabarani na kupigana na jeshi. Visiwa, muungano, zamu ya urais, kisiwa kidogo kinachohisi kudhulumiwa: hakuna kura ya jirani iliyokuwa na mengi ya kutuambia sisi kuliko hiyo. Nilitafuta maoni ya magazeti ya eneo letu juu yake kwa wiki nzima na nikaambulia aya chache za mashirika ya habari ya nje.

Zamu yetu ya kuangaliwa na majirani ilikuja na ikapita nusu. Rais Jakaya Kikwete alitangaza mchakato wa katiba mpya tarehe 31 Desemba 2010, na wengi walisema Kenya ndiyo iliyotuamsha. Tume ya Jaji Joseph Warioba ikaleta rasimu ya serikali tatu, Bunge Maalum la 2014 likairudisha kwenye mbili, wapinzani wakatoka, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, kisha ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na hadi leo hatujaipiga. Kwa Zanzibar kura ile ilikuwa na sharti ambalo kila mwandishi wa nje aliyetuandikia alipaswa kuanza nalo: ilihitaji kukubaliwa na zaidi ya nusu ya wapiga kura wa Bara na zaidi ya nusu ya wapiga kura wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Kwa sharti hilo wachache walikuwa na uzito sawa na wengi. Katika maoni ya Nairobi niliyoyapata, Tanzania ilihesabiwa kama chungu kimoja.

Kenya nayo ilijaribu kuurudisha uwaziri mkuu. Mpango uliojulikana kwa herufi BBI, wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ulitaka kupelekwa kwenye kura ya maoni, na Mahakama Kuu ikauzuia Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikalifunga jambo hilo Machi 2022. Huku kwetu Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilikuwa imevunjika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa na ule wa marudio wa Machi 2016 kususiwa, kisha ikarudi Desemba 2020. Kwa hivyo yale majibu mawili ya wiki moja yameendelea kuhangaika, kila moja upande wake, na mimi nimeendelea kuyakata magazeti na kuyahifadhi katika bahasha.

Katika bahasha hiyo limo gazeti la mwisho wa Agosti 2010. Katiba ya Kenya ilitiwa saini Uhuru Park, Nairobi, Ijumaa ya tarehe 27, katikati ya Ramadhani. Shangazi alinipigia simu baada ya kufuturu. Alikuwa ameangalia sherehe yote kwenye televisheni, akanihadithia mizinga ilivyopigwa na jinsi Rais Omar al-Bashir wa Sudan alivyotokea jukwaani watu wasimtarajie. Kadhi amebaki, alisema, na kesi yake imepangiwa siku baada ya Idi. Kisha akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za karafuu, na mwisho akasema, "Na nyinyi nasikia mlipiga kura huko. Magazeti ya huku sikuona kitu. Mliulizwa nini?"

Nikavuta kigoda nikakaa. Nikamwambia, "Shangazi, unaikumbuka ile ndoo ya maji ya Shimoni?" Akasema anaikumbuka. Nikaanzia hapo.